Mkono Wangu na Maua Yao

Jumatatu, 1 Desemba 2003

Kaunta buku hii niliinunua ya kuchorea mitindo ya vitambaa. Mbele ni michoro. Huku nyuma sasa ni hasira, kwa sababu Wanyama mume wangu amesema nikilalamika tena mezani atahamia kwa jirani. Sawa. Nitalalamika humu.

Mkono wa kulia unauma. Sijajigonga, sijaanguka. Uchungu unaanzia chini ya kidole gumba, unapita kwenye kifundo, unapanda hadi kwenye kiwiko. Asubuhi vidole viwili havisikii kitu, ninavipiga kwenye ukuta mpaka viamke. Nina miaka minne nikikata waridi katika shamba hapa nje ya Kitengela. Mkasi mkono wa kulia, shina mkono wa kushoto, kata, weka, kata, weka. Leo nimekata mashina elfu moja na mia tisa. Na msimu wa Valentaini hata haujaanza vizuri.

Alhamisi, 4 Desemba

Elfu mbili na mia moja. Mkono ule ule.

Jumamosi, 6 Desemba

Nusu siku. Nimefika nyumbani nikaosha miguu, nikakaa mlangoni na kroshia yangu. Huyu ndiye mimi mwenyewe, si yule wa kwenye grinihausi mwenye ovaroli ya kijani na namba mgongoni.

Ninafuma kitandiko cha kitanda. Miraba tisini na sita, nyeupe, kila mmoja na ua lake katikati. Nimefika sitini na mmoja. Vitambaa vya makochi nimefumia kanisa zima, pasta, mama mkwe, hata mwalimu wa Lennox mwanangu. Hiki ni changu. Akoth, ambaye tunakaa ploti moja na tunakata maua laini moja, amepita na ndoo akasimama.

"Mama Lennox, hizi si ungeuza?"

"Nikiuza itakuwa kazi. Kazi ninayo."

"Ai, wewe! Mwenye kitu hajui kitu." Akacheka akaenda zake.

Nimefuma nusu saa. Zamani ningefuma tangu saa nane mpaka jua lizame.

Jumanne, 9 Desemba

Kidole gumba kimekwama. Nimefunga mkasi, kidole kikakataa kufunguka, ikabidi nikivute kwa mkono wa pili, kikalia *tak*. Muthama, msimamizi wetu, alikuwa nyuma yangu. Yule mtu hana sauti ya kawaida, Mungu alimpa ya kupigia kelele peke yake.

"Namalwa! Valentaini haingojei mtu! Unachezea vidole?"

Nikamwambia kidole kimekwama. Akakitazama, tena kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, halafu akageuka akaenda kumfokea mtu mwingine. Mshenzi.

Ijumaa, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Tumekata.

Jumatatu, 15 Desemba

Nimeenda kliniki ya shamba. Nesi ni mpya, anaitwa Makena, mpole, anakushika kana kwamba u mtoto wake. Amenifunga bendeji, amenipa vidonge vya siku tano, akaniambia pole mama, hiyo ni baridi ya asubuhi. Mtu wa kwanza kuniambia pole tangu mkono uanze kuuma Oktoba. Karibu nilie mbele yake.

Ijumaa, 19 Desemba

Kwetu Kimilili mtu akikutibu huendi kumshukuru mikono mitupu. Mama angekuwa karibu angepeleka kuku. Mimi nimempelekea Makena kitambaa cha kiti, nilikifuma mwaka jana, kile chenye ncha kama mikia ya samaki. Amefurahi! Amekitandika hapo hapo kwenye mgongo wa kiti chake cha ofisini. "Umekifuma kwa mkono wako? Mama, uko na kipaji." Nimetoka pale nikitembea kama mtu mrefu.

Alhamisi, 25 Desemba

Siwezi kushika mwiko. Ugali wa Krismasi umepikwa na Wanyama na ulikuwa na madonge. Lennox, miaka minane, ameuliza mbele ya wageni, "Baba, hii ni ugali ama ni mawe?" Wote wamecheka. Mimi nimecheka pia halafu nikaenda nyuma ya choo nikalia, kwa sababu ule mwiko ni wangu.

Jumatatu, 5 Januari 2004

Valentaini imeanza. Lori linatubeba saa kumi na moja asubuhi, tunarudi saa moja jioni. Upepo wa huku nje unakata midomo, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Ndani ya grinihausi ni jasho. Elfu mbili na mia nane.

Ijumaa, 9 Januari

Elfu tatu. Nimejaribu mkono wa kushoto, nimekata mashina mafupi ishirini, yote yakatupwa, na kipande cha kidole changu juu yake. Muthama amepiga kelele mpaka ndege wamehama paa.

Jumamosi, 17 Januari

Leo nimekaa mlangoni nikachukua kroshia. Mraba wa sitini na mbili. Nilikuwa nimeungoja wiki mbili. Minyororo sita, unganisha, anza ua. Katika petali ya pili sindano imeanguka. Nimeiokota. Imeanguka. Sikuihisi ikitoka, unaelewa? Niliangalia vidole nikaona viko wazi na sindano iko chini. Nimeiokota mara nane, nimehesabu. Mara ya tisa nimeitupa kwa ukuta wa mabati, uzi wote umefuata, umeviringika kwenye matope ya maji ya kuogea.

Niandike ukweli, kwa sababu hakuna anayesoma humu. Nina hasira. Kama mkono ungekatika ghafla kwa mashine, watu wangekuja na sukari na maombi. Huu umekatwa polepole, shina kwa shina, na hakuna hata aliyenyanyua kichwa. Wanampelekea mtu asiyenijua ua, huko Ulaya, ampe mpenzi wake, likauke baada ya wiki watupe. Mimi kitandiko changu kingekaa miaka thelathini.

Wanyama amekuja akauokota uzi, akasema, "Si uwache tu hii kitu, Mama Lennox. Uhifadhi mkono kwa kazi."

Nilimwambia neno ambalo sitaliandika.

Alhamisi, 22 Januari

Nimerudi kwa Makena. Nimemwomba aniandikie kazi nyepesi, hata kufagia, hata kuhesabu masanduku. Amenikaribisha chai. Ameketi kwenye kile kiti chenye kitambaa changu, akafungua faili, akauliza kwa upole, "Na nyumbani mikono yako inafanya nini, mama?"

Mimi na ujinga wangu! Nikamwambia. Nikamwambia kwa majivuno. Nikamwambia habari ya kitandiko, miraba tisini na sita, nikamwonyesha kitambaa nyuma ya mgongo wake, ona kazi yangu. Nikamwambia nilianza kufuma nikiwa darasa la tano. Yeye anaandika tu. Anaandika, anatabasamu, anaandika.

Jumatatu, 26 Januari

Mkono unaniua lakini leo nitaandika mpaka uishe.

Saa nne Muthama amenitoa kwenye laini, "Ofisini, haraka." Nikajua nimepata kazi nyepesi. Nimevua glavu nikiimba. Ofisini nimemkuta Bedan wa mambo ya wafanyakazi, shati jeupe, na Makena ameketi kando yake, faili magotini.

Bedan ana Kiswahili kitamu. "Mama, shamba inakujali. Tumeona uko na shida ya mkono. Tutakupeleka kwa masanduku mara tu Valentaini iishe. Weka tu sahihi hapa."

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Anafikiri sijasoma. Nilifika kidato cha nne. Nimesoma neno kwa neno, nao wananingoja, Bedan anabofya kalamu. Imeandikwa kwamba mimi, Dolphine Namalwa, nimeumia mkono nyumbani kwa sababu ya kufuma kupita kiasi, kazi yangu binafsi, na kwamba shamba halihusiki, wala sitadai chochote, leo wala kesho. Halafu chini: ushahidi, mgonjwa mwenyewe amekiri kwa nesi, na nesi ameona mfano wa kazi hiyo.

Mfano wa kazi hiyo! Kitambaa nilichompa kwa shukrani!

Nimemgeukia Makena. "Nesi, ni wewe umeandika hii?"

"Mama, mimi naandika tu vile mgonjwa ameniambia."

"Nilikuambia nakata mashina elfu tatu kwa siku. Hiyo umeiandika wapi?"

Ameangalia faili. Bedan akasema tusigombane, tuko familia moja. Nikamwambia familia yangu iko Kimilili na haijawahi kunipa karatasi. Amenipa siku za kufikiria, mpaka Valentaini ipite. Nisipoweka sahihi, amesema, mkataba wangu wa msimu unaisha na msimu. Amelisema kama mtu anayekukumbusha mvua itanyesha.

Ukiniuliza kipi kimeniuma zaidi, si hata kufukuzwa. Wameichukua kroshia, kitu kimoja tu nilichokuwa nacho, wakaimaliza, halafu wakageuka wakasema ndiyo iliyoniua. Nikiweka sahihi nitakuwa nimekubali. Nitakuwa nimesema kwa mkono wangu mwenyewe kwamba nilichopenda ndicho kibaya na walichonifanyia ni kizuri.

Jumanne, 27 Januari

Wanyama anasema weka sahihi.

"Ni karatasi tu. Utabaki na kazi."

"Ni uongo."

"Nani atausoma? Mimi pale kiwanda cha simenti naweka sahihi kila siku bila kusoma."

"Ndiyo maana unakohoa."

Anakohoa kweli, nami nimemtupia kama jiwe. Nilitaka kuomba msamaha, kiburi kikanishika. Tumelala tumepeana migongo.

Alhamisi, 29 Januari

Habari imezunguka. Kwenye lori wanawake wanasema pole kwa sauti ya chini na kuangalia pembeni. Akoth ameketi mbele karibu na dereva. Miaka mitatu tumekaa pamoja, leo amehama kama mimi nina upele. Nimemwita, amejifanya upepo umekula sauti. Mwoga.

Jumatatu, 2 Februari

Elfu tatu na mia mbili. Natumia meno kufungua kifuniko cha chupa.

Ijumaa, 6 Februari

Leo imetokea jambo ambalo sikulitegemea.

Saa ya chakula nilibaki kwenye laini kwa sababu siwezi kula na watu wakiniona nikiangusha kijiko. Muthama amekuja. Nimejiandaa kwa kelele. Akavua saa yake, akakunja mkono wa shati, akajaribu kunyoosha kidole gumba cha kulia. Hakinyooki. Kimejikunja katikati, pale nyama imekauka.

"Miaka sita ya kukata," amesema. Sauti ya kawaida, anayo kumbe. "Shamba lingine kwanza, halafu hii. Na mimi nilipewa karatasi."

"Ilisema nini?"

"Kwamba ni kuchonga. Kwetu nilikuwa nachonga, viti vya miguu mitatu, vijiko, si za kuuza sana, napenda tu. Nesi wa wakati huo aliniuliza nyumbani nafanya nini."

"Ukaweka sahihi."

"Nikaweka. Nikapewa hii kazi nyepesi." Akaonyesha koo lake. "Ya kupiga kelele."

Nilikuwa nimemchukia huyu mtu mwaka mzima, na sasa nikamchukia zaidi, kwa sababu alijua. Ile siku kidole changu kilikwama alikitazama na alijua, akanifokea. Nikamwambia hivyo, uso kwa uso. Nilimwita mnafiki. Alishusha mkono wa shati, akafunga kifungo kwa taabu, kwa vidole vya kushoto.

"Sasa unachonga?" nikamwuliza.

"Patasi nilipea binamu yangu."

Kengele imelia na ameanza kupiga kelele tena, lakini laini yangu ameiruka.

Jumamosi, 14 Februari

Ndio hiyo siku yao ya mapenzi. Wanyama ameniletea soda. Nimemwambia samahani kwa lile neno la kukohoa. Amesema, "Lilikuwa kweli," akanifungulia chupa.

Jumatatu, 16 Februari

Nimeenda ofisini nikiwa nimevaa nguo ya kanisa. Bedan ameweka karatasi juu ya meza na kalamu juu ya karatasi.

Nimesema siweki.

Amesema, "Mama, kama kalamu inakusumbua, weka tu kidole gumba." Akasukuma kile kisahani cha wino mpaka kikanigusa mkono.

Nilicheka, wallahi nilicheka kama mwendawazimu. "Hiki kidole? Kidole ambacho mnasema hakina shida na nyinyi, ndicho mnataka kwenye karatasi?" Nikakiinua mbele ya macho yake, nikakikunja, kikakwama, nikakiacha hapo hapo kimekwama akitazame vizuri. Makena alikuwa mlangoni. Nikampa na yeye akitazame. Nimewaambia kama kufuma kunavunja mikono, mama yangu amefuma miaka hamsini na bado anakamua ng'ombe watatu kila asubuhi.

Nimepewa barua ya kumalizika kwa mkataba. Ilikuwa imeshachapishwa tayari, na tarehe ya Ijumaa iliyopita.

Parmuat wa getini amenifungulia. "Supa, mama?" akanisalimia kwa Kimaasai chake. "Epa," nikajibu. Akaona barua, akavua kofia. Nimetembea kilomita nne mpaka barabarani kwa sababu lori ni la wafanyakazi.

Jumanne, 24 Februari

Nimeenda Kajiado. Daktari wa huko ameushika mkono, ameubonyeza mahali pawili, nimeruka. Hakuuliza habari ya vitambaa. Ameuliza, "Unakata maua shamba gani?" Kumbe si wa kwanza. Anasema mishipa imevimba ndani ya ala yake kwa kurudia jambo moja mara maelfu. Ataufunga kwa plasta kuanzia kidole gumba hadi karibu na kiwiko. Nimemwuliza lini nitafuma. Amesema huenda mwakani, huenda kidogo kidogo, huenda hapana. Nimempenda kwa kutonidanganya na nimetamani kumpiga.

Kisha nikaenda kwa afisa wa leba, yule wa serikali wa haki za wafanyakazi. Mzee mmoja mchovu lakini anasikiliza. Amesoma barua ya daktari mara mbili. Amesema, "Watasema ni kroshia. Faili yao inasema ulikiri. Neno lako peke yako halitoshi, mama. Niletee mwenzako mmoja wa laini hiyo, anayekata, mwenye shida hiyo hiyo, aandike na kuweka sahihi."

Nimemtaja Muthama. Amesema aliyekwisha kuweka sahihi kwamba ni kuchonga hatanisaidia.

Mmoja tu. Laini nzima wanawake arobaini wanapiga vidole ukutani asubuhi, na sina mmoja.

Plasta inawekwa kesho. Hii ndiyo mara ya mwisho naandika kwa mkono huu kwa muda.

Jumapili, 14 Machi

Leo anaandika Akoth, mimi nasema. Mvua imeanza juzi, ploti yote ni tope jeusi, viatu vinabaki nyuma yako. Akoth amekuja na mandazi, amesimama mlangoni kama mgeni, mimi nikamwachia asimame. Wiki sita hajanisemesha. Halafu akaona nikijaribu kuandika kwa kushoto, herufi kama za Lennox, akasema lete nikuandikie. Nikampa. Andika hiyo pia, kwamba ulisimama mlangoni. Ameandika.

Andika kwamba Makena ni—. Anakataa kuandika neno hilo, anasema ameokoka. Ameandika "mjinga". Silo nililosema.

Andika kwamba nimezunguka kwa wanawake kumi na moja. Waruguru anasema ana watoto watano. Caren anasema mumewe amekataa. Mwingine amejificha chini ya kitanda, nimeona miguu. Siwalaumu. Hapana, futa. Nawalaumu. Nawalaumu wote, mmoja mmoja, kwa majina.

Andika kwamba miraba sitini na mmoja iko kwenye gunia na siwezi hata kuiunganisha.

Akoth amesimama. Ameweka kalamu chini, anakung'uta mkono. Sasa amechukua kalamu tena lakini ameishika kati ya kidole cha pili na cha tatu. Nimemwuliza mkono una nini. Anasema hakuna kitu. Andika hivyo basi: Akoth anasema hakuna kitu.

Ameandika, lakini kalamu imemponyoka. Nimeshika kifundo chake kwa mkono wangu mzima, nikabonyeza pale daktari alinibonyeza. Ameruka.

Tangu lini, Akoth? Ndiyo maana ulihamia mbele kwenye lori? Uliogopa nitakuona ukivipiga vidole? Ndiyo. Anasema ndiyo.

Sasa nyamaza, Mama Lennox, wacha niandike yangu.

Mimi ni Rose Akoth. Nakata maua hii shamba tangu 2001. Mimi sijui kufuma. Sijawahi kushika kroshia hata siku moja, sichongi, sishoni, nyumbani hata kufua nafuliwa na msichana wangu. Niko na watoto wawili na nilikuwa naogopa. Hii mkono yangu ya kulia inauma tangu mwezi wa kumi na moja. Vidole viwili sivisikii asubuhi. Muthama ameona. Kliniki sijaenda kwa sababu niliona vile walifanya Mama Lennox. Wiki hii tumeanza maua ya sikukuu ya akina mama huko Uingereza, elfu mbili na mia saba kwa siku. Kesho siendi kazi, naenda na yeye Kajiado kwa huyo mzee wa leba. Yote nimeandika ni ukweli.

Mama Lennox anasema niweke sahihi hapa chini. Nitaweka. Ngoja nipumzishe mkono kwanza.